Vifaranga wanakufa siku ya 2 na ya 3? Kabla hujalaumu bruda (sehemu ya joto ya kulelea vifaranga), fungua kava ya feni ya inkubeta (mashine ya kutotolea mayai) uangalie

#1

Habari zenu wakuu. Huu uzi nimekaa nao kichwani muda mrefu, leo nimeamua niuandike maana kila siku nakutana na swali lile lile: vifaranga wangu wametoka vizuri kabisa, siku ya pili wakaanza kuzubaa, matumbo yamejaa, siku ya tatu wanakufa mmoja mmoja, niwape dawa gani? Na majibu yanayomiminika ni antibayotiki hii, vitamini ile, ongeza joto, punguza joto. Ni nadra mtu kuuliza mashine ilisafishwa lini na ilisafishwaje.

Mi yamenikuta. Mashine ikiwa mpya mzunguko wa kwanza ulienda vizuri sana, wa pili ukashuka kidogo nikasema labda majogoo wamechoka, wa tatu wakatoka wachache na wengi wao hawakumaliza wiki, wa nne usiku yai likapasuka ndani ya mashine. Asiyewahi kusikia harufu ya yai viza limepasuka kwenye boksi lenye joto la nyuzi 37.5 na feni inapuliza simuombei aisikie. Nikafuta kwa kitambaa cha maji nikaendelea. Hapo kwenye "nikaendelea" ndo pana kosa, na nahisi wengi humu tunalifanya.

Baada ya ule mzunguko nikatoa skrubu nne za kava ya feni, kitu ambacho sikuwahi kufanya tangu niipate ile mashine. Nyuma ya panga za feni kulikua na manyoya laini ya vifaranga yameshikana kama kipande cha blanketi, rangi ya kijivu, na juu yake madoa ya kijani. Nikagusa kwa kidole, ukatoka unga. Ule unga ni fangasi. Feni ilikua inaupuliza juu ya mayai siku 21 mchana na usiku, alafu kifaranga anapasua ganda pumzi yake ya kwanza anavuta huo huo. Kuna fangasi anaitwa Aspergillus, anakaa kwenye mapafu ya kifaranga, utamuona anapumua mdomo wazi, shingo kanyoosha, wewe unadhani ni baridi unaongeza taa. Na hana dawa ya maana kwa kifaranga, ukishamuona umechelewa.

Sasa kwanini mashine inachafuka kirahisi hivi. Angalia mazingira yenyewe: joto 37.5, unyevu asilimia 50 hadi 55 siku 18 za mwanzo, alafu siku 3 za mwisho tunapandisha hadi 65 au 70. Hayo ndo mazingira anayoyataka kiinitete na ndo hayo hayo wanayoyataka bakteria, kwaiyo kila unachoingiza mle ndani kitalelewa, kiwe cha heri au cha shari. Ganda la yai nalo lina vitundu vidogo maelfu, hewa inapita humo na unyevu unatokea humo. Kuku akitaga yai linatoka na utando mwembamba unaoziba vile vitundu, utando ukitoka au ukilowa mlango uko wazi. E. koli, salmonela, stafilokoka, wote wanapita.

Halafu kuna kitovu. Kifaranga kabla hajatoka anavuta kiini kilichobaki kinaingia tumboni, ndo chakula chake cha mwanzo, kitovu kinafunga mwishoni kabisa. Sasa kinafunga akiwa amelala wapi? Kwenye trei. Trei ikiwa na mabaki ya mzunguko uliopita bakteria wanaingia kwenye kitovu ambacho bado kibichi, wanakuta kiini wanazaana humo. Wale vifaranga wenye matumbo makubwa laini kama puto la maji, kitovu chekundu au cheusi na harufu mbaya ukiwasogeza puani, wengi wameambukizwa kwenye mashine, bruda inasingiziwa tu.

Ntaeleza ninavyosafisha kwenye posti inayofata, hii imekua ndefu.

#2

Kaka umenigusa, mi hao wa tumbo la puto nilikua nawapa antibayotiki kwenye maji wiki nzima na bado wanaisha. Endelea tupo.

#3

Naendelea. (mleta uzi)

Kitu ambacho ningeomba kila mtu akishike hata akiacha mengine yote ni kwamba dawa ya kuua vijidudu haiui uchafu. Ukipuliza dawa juu ya kinyesi kilichokauka, ute wa yai na manyoya, dawa inaishia juu juu, chini yake bakteria wamelala salama. Klorini ndo kabisa, ikikutana na uchafu nguvu yake inaishia hapo hapo. Kwahiyo kuosha kunatangulia, dawa inafata kwenye kitu ambacho tayari kinaonekana kisafi kwa macho. Watu wengi tunapindua, tunapuliza dawa tukisikia harufu yake kali tunaona tumemaliza.

Mi nafanya siku ile ile vifaranga wakitoka, sisubiri kesho, maana ute ukikauka unashika kama gundi. Nachomoa umeme kwanza. Natoa maganda, mayai ambayo hayakutoka, karatasi, vyote kwenye mfuko nafunga mdomo unaenda mbali na banda. Manyoya sifuti makavu wala sipulizi kwa mdomo au kwa upepo wa kompresa, yanaruka chumba kizima na kesho yanarudi kwenye mashine, nayalowesha kidogo kwa chupa ya kupulizia alafu naokota kwa kitambaa kibichi. Huku uso umefunikwa barakoa, ile vumbi sio nzuri kwa mapafu ya mtu pia.

Vinavyotoka natoa vyote, trei, wavu wa chini, chombo cha maji, vigawanyo. Naloweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida nusu saa, alafu brashi. Kwenye kona na kwenye mashimo ya trei mswaki wa zamani ndo mambo yote. Ndani ya boksi natumia sponji iliyokamuliwa, sio kumwaga maji, kuna waya na mota ya kugeuzia mayai. Panga za feni nafuta moja moja pande zote mbili. Sensa ya joto na ya unyevu nafuta taratibu na kitambaa chenye unyevu kidogo tu, hazitaki kulowa, na zikiwa na manyoya zinasoma uongo, sasa utahangaika na thamostati wakati tatizo ni uchafu.

Halafu nasuuza. Hapa pia watu wanaruka. Kuna dawa, hasa zile za jamii ya amonia zinazoandikwa kwaternari, zikikutana na povu la sabuni zinapoteza nguvu. Suuza mpaka povu liishe, acha maji yachuruzike, ndo upake dawa, na dawa uiache ikae imelowa muda ulioandikwa kwenye chupa, mara nyingi dakika 10. Kupaka na kufuta hapo hapo ni sawa na kutopaka.

Mwisho kukausha. Kukausha kweli kweli. Trei naanika juani pande zote, boksi naacha wazi mpaka pakavu, alafu naunganisha nawasha mashine ikiwa tupu saa 24. Hiyo inakausha vilivyojificha, inatoa harufu ya dawa, na inaniambia kama joto limetulia kabla sijaweka mayai.

#4

Mkuu asante. Dawa gani sasa? Mi ninayo blichi ya kufulia tu hapa, naweza kutumia? na kiasi gani

#5

Unaweza dada, ila soma kwenye chupa ina klorini asilimia ngapi. Kama ni asilimia 5, mililita 20 kwenye lita 1 ya maji ya baridi inatosha kwa sehemu iliyokwisha oshwa. Changanya ya kutumia siku hiyo, ikilala inapoa nguvu. Dakika 10, alafu suuza, hasa vyuma maana klorini inakula chuma, nilishaona wavu umeoza kwa kutu ndani ya miezi michache.

Na tafadhali sana, blichi usichanganye na siki, wala na dawa ya choo yenye asidi, wala na kitu chenye amonia. Inatoa gesi ya sumu, chumba kidogo kimefungwa unaweza kuanguka. Nasema hivi sababu kuna mtu anasafisha chokaa ya chombo cha maji kwa siki (ambayo ni njia nzuri tu, siki inalainisha ule ukoko mweupe) alafu bila kusuuza anamwagia blichi juu. Hapana. Siki peke yake, suuza sana, ndo klorini.

#6

Mi napingana kidogo na mleta uzi, nadhani chanzo kikubwa ni mayai machafu sio mashine. Mi huwa naosha mayai yote kabla ya kuweka, maji safi ya bomba na kitambaa, yanang'aa, na naona yanatotoa.

#7

Mkuu kwenye mayai machafu niko na wewe mia kwa mia, mashine haitengenezi bakteria, tunawaingiza sisi. Ila hiyo ya kuosha kwa maji ya bomba naomba uiache, na ntakuambia sababu.

Yai likiwa na joto kuliko maji, kilichomo ndani kinasinyaa kinapopoa, kikisinyaa kinavuta, na kinachovutwa ni yale maji yenye kinyesi ulichokisugua, yanapita kwenye vitundu yanaingia ndani. Alafu ule utando umeshautoa kwa kitambaa. Nje linang'aa ndani umeshapanda mbegu ya kuoza. Mengine yatatotoa ndio, ila yale yanayonuka siku ya 14 usijiulize yametoka wapi.

Yai lenye kauchafu kidogo kakavu nakwangua kwa msasa laini, taratibu, hapo penye doa tu. Lenye kinyesi kingi siweki kabisa, hata kama limetagwa na kuku ninayempenda. Kama mtu ni lazima aoshe, mfano mayai ya bata yanakuja na tope, basi maji yawe ya moto kuliko yai, nyuzi 40 hadi 43 hivi, yenye dawa ya mayai ndani, usiloweke yakakaa, toa haraka kausha kwa hewa. Na maji yakichafuka badilisha, ukiosha mayai 50 kwenye ndoo moja yai la 50 unalipaka uchafu wa yote 49.

Dawa ya kweli iko kwenye kiota. Maranda makavu, badilisha yakilowa, okota mayai mara 3 au 4 kwa siku, kuku wasilale ndani ya viota usiku maana kuku analala ananyea. Na nawa mikono kabla ya kushika mayai, mi hilo sikulitilia maanani miaka, natoka kusafisha banda naingia moja kwa moja kugusa trei.

Jambo lingine, mayai yanayotunzwa sehemu ya ubaridi ukiyatoa ghafla kwenye chumba cha joto yanatoa jasho. Ule unyevu juu ya ganda unalainisha njia ya bakteria. Acha yapate joto la chumba saa kadhaa kwanza, yakauke, ndo yaingie.

#8

Mi natumia fomalini na pamanganeti, nafunga mashine moshi unafanya kazi, hakuna cha kusugua wala nini. Mbona hamuitaji? Ndo dawa ya wakubwa hiyo

#9

Mchangiaji hapo juu, naomba nijibu mimi maana nilishafanya kazi kwenye hachari (kiwanda cha kutotolea vifaranga) kubwa. Ni kweli ule moshi unaua, tulikua tunautumia. Lakini chumba kilikua na mlango wa kufunga kabisa, feni ya kutoa hewa nje, barakoa za gesi zenye filta, na bado macho yalikua yanatutoka machozi. Mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka fomalidehaidi, ile gesi inayotoka kwenye fomalini, kundi la 1, yaani inathibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Wewe mashine yako iko wapi? Kama iko chumba cha nyumba watu wanalala upande wa pili, acha kabisa.

Na moshi nao hauli uchafu uliogandamana, hata kule hachari tulikua tunaosha kwanza ndo tunafukiza. Halafu mayai yaliyokaa ndani ya mashine saa 24 mpaka saa 96 tangu kuwekwa ukiyafukizia unaua viinitete, kipindi hicho viko laini mno. Kwa mashine ya mayai mia mbili tatu, sabuni, brashi na dawa ya kupaka inatosha kabisa.

#10

Asante sana mkuu wa hachari, umeniondolea kazi na umeeleza vizuri kuliko ningeeleza.

#11

Swali: mashine yangu ni ya lile boksi jeupe la thamoko (povu gumu jepesi), nikisugua linamomonyoka, nifanyeje

#12

Hiyo ni changamoto kweli, thamoko ina vishimo na damu na ute vinazama humo. Usitumie brashi ngumu wala maji ya moto sana. Sponji laini, sabuni, dawa, alafu ikauke muda mrefu kuliko plastiki, hata siku mbili. Ila cha kukusaidia zaidi ni kuzuia isichafuke: siku ya 18 unapoacha kugeuza mayai tandika chini ya wavu karatasi au nailoni utakayoitupa, uchafu wote wa kutotoa unaishia pale. Hakikisha hujaziba matundu ya hewa wala hujafunika maji, na juu yake vifaranga wasimame kwenye kitu chenye kukwaruza, kwenye nailoni wanateleza miguu inapanuka.

Ikianza kuwa na ufa na madoa yasiyotoka, ni wakati wa kuiacha.

#13

Mimi naweka mayai kila wiki kwenye mashine moja, yaani wengine wanatoka wengine wana wiki moja wengine ndo wanaingia. Sasa hapo nasafisha saa ngapi mashine haizimi??

#14

Dah, hapa mkuu ndo penye mtihani, na nikuambie ukweli hata kama hautapendeza. Kutotoa ndo tendo chafu kuliko yote kwenye kazi hii. Kifaranga akikauka yale manyoya membamba yanaruka, na kila unyoya umebeba bakteria, alafu pale pale kuna mayai ya wiki moja yanaoga hilo vumbi. Kila wiki. Ndo maana unaona mashine za hivyo zinaanza vizuri alafu zinashuka taratibu mpaka mtu anauza mashine.

Suluhisho ni kutenganisha. Mashine moja ya kulelea mayai siku 1 mpaka 18, nyingine hata iwe ndogo tu ya siku 3 za mwisho. Hiyo ya kutotolea unaiosha yote kila wiki, na ile kubwa haioni unyoya. Unyevu wa siku za mwisho nao unauongeza kwenye ile ndogo tu, huku kwingine haubadiliki, maana yai linatakiwa lipoteze kama asilimia 12 hivi ya uzito wake mpaka siku ya 18, ukililowesha kila wiki kwa ajili ya wenzake linabaki na maji mengi, kifaranga anatoka na tumbo limejaa, kitovu hakifungi vizuri, na tumeshaona kitovu kisichofunga kinakaribisha nini.

Kama uwezo wa mashine mbili haupo, basi weka wote siku moja watoke siku moja, osha, anza upya. Utapata vifaranga kila wiki 3 badala ya kila wiki, lakini utapata.

#15

Chombo cha maji mnabadilisha au mnaongezea tu? Mi naongezea.

#16

Badilisha. Maji yanayokaa kwenye joto lile siku kadhaa yanafanya utelezi, pitisha kidole chini ya chombo utausikia, ule utelezi ni bakteria wamejijengea. Mi kila siku 3 au 4 namwaga, nasugua, naweka maji safi ya uvuguvugu, maji ya baridi yanashusha joto na unyevu. Siku 3 za mwisho sifungui, kwahiyo siku ya 18 wakati napandisha unyevu ndo naweka chombo kilichooshwa vizuri. Wenye mashine ya kuingiza maji kwa mrija toka nje angalieni na ule mrija, ukiwa na ukijani ndani badilisheni.

#17

Samahani wakuu niko na dharura, yai limepasuka sasa hivi siku ya 15!! Mashine ina mayai 80 hivi nifanye nini, nianze kuosha au niache mpaka watoke

#18

Usiache. Tulia, mayai hayafi kwa nusu saa nje, hata kuku mwenyewe huwa anatoka kwenye kiota kwenda kula na kunywa.

Vaa glavu, funga pua. Andaa kwanza kila kitu kabla hujafungua: boksi lenye taulo iliyopashwa moto, maji ya uvuguvugu na sabuni, vitambaa vya kutupa, trei ya akiba kama unayo. Hamisha mayai kwenye boksi funika. Toa lile lililopasuka na maganda yake. Osha trei iliyopata, futa kuta na chini kwa sabuni, futa tena kwa kitambaa cha maji safi. Blichi usipulize ndani sasa hivi, mvuke wake utarudi kwa mayai. Badilisha maji ya chombo.

Yale mayai yaliyorushiwa ule uchafu ukalowa, yatoe kabisa. Najua inauma, lakini ndo mabomu yanayofata. Yenye kitone kidogo yaweke peke yake pembeni uyaangalie. Wakati unayarudisha pitisha tochi kwenye kila yai, lisilo na mishipa, lenye maji meusi yanayocheza, lenye harufu au linalotoa jasho la kahawia kwenye ganda, toa taratibu usilitikise.

Na ndo maana napima kwa tochi siku ya 7, ya 14 na ya 18. Yai viza huwa halipasuki bila kutoa taarifa, sema mtu awe anaangalia.

#19

Nimemaliza mkuu. Imechukua dakika 25. Nimetoa 6 yaliyolowa na 4 yenye maji meusi. Moja la yale manne lilikua limeanza kutoa vipovu kwenye ganda

#20

Umeokoa mashine. Joto litachukua muda kupanda usiguse thamostati.

#21

Swali la mwisho kwangu, kwahiyo nikisafisha hivi vifaranga hawatakufa tena?

#22

Hapana sitaki nikudanganye. Kuna magonjwa kama pulorumu yanatoka kwa mama yanaingia ndani ya yai kabla halijatagwa, kundi la kuku wa mbegu likiwa nayo hata uoshe mashine kwa nini yatatoka tu, hapo ni kupima kuku wa mbegu kwa daktari wa mifugo na kuwatoa wenye ugonjwa. Na joto lililopanda sana linaharibu kitovu hata kwenye mashine safi. Ila ukishaondoa uchafu kwenye hesabu unaweza kuona tatizo lililobaki ni lipi, mwanzo yote yalikua yamechanganyika.

Fanya hivi mzunguko unaokuja: vifaranga wakikauka wageuze kama 20, angalia kitovu kila mmoja, andika wangapi kimefunga vizuri, wangapi wana kidoti cheusi, wangapi kimelowa. Andika na tarehe uliyoosha mashine. Mi ninalo daftari tangu ule mzunguko wa nne.

#23

Wakuu nimerudi, ni yule wa yai lililopasuka siku ya 15. Wametoka 58 jana usiku. Nimegeuza 20 kama mlivyosema, 17 kitovu safi, 3 wana kidoti cheusi nimewatenga. Leo asubuhi nimetoa kava ya feni kwa mara ya kwanza. Trei ziko juani sasa hivi, na lile blanketi la manyoya nililolitoa nyuma ya feni limejaa kiganja.